Baba ana donda ndugu unyayoni, kaka kaleta dumu la asali

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora, naishi Ipuli na baba yangu tangu mama alipotutoka. Mzee ana miaka 63. Alikuwa fundi wa reli, amestaafu, sasa ana shamba la karanga na mahindi upande wa Uyui. Sukari anayo mwaka wa 11 huu. Vidonge anavyo, ila anavimeza siku anazojisikia vibaya. Akiamka vizuri anasema leo mwili umetulia, visubiri.

Miezi minne iliyopita alirudi shambani jioni, akavua gambuti barazani, nikaona soksi ya kushoto imelowa damu. Niliingiza mkono kwenye lile gambuti nikatoa kizibo cha soda kilichobonyea kwa kukanyagwa. Kutwa nzima alikuwa akikitembelea. Nikamuuliza, "Baba, hukusikia?" Akajibu kwamba alihisi kama soksi imejikunja.

Kilianza kama kajeraha ka punje ya mahindi, nyuma kidogo ya kidole gumba, pale unyayo unapobeba uzito. Leo kina ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Pembeni ngozi imekuwa nene, nyeupe, ngumu kama sugu ya mpini wa jembe, na katikati kuna shimo lenye unyevu. Na hakimuumi! Hilo ndilo linalonichanganya, maana kwa kidonda cha namna hiyo mimi ningelia usiku kucha.

Zahanati walikisafisha kwa spiriti, wakatupa vidonge vya siku saba, wakasema tuendelee nyumbani. Tumeendelea. Asubuhi namwagia ile haidrojeni paroksaidi inayotoa povu, jioni napasua vidonge vya rangi mbili nanyunyizia unga wake. Juu kinakauka, siku ya tatu kinalowa tena. Tangu Jumapili kina harufu, na juu ya mguu pamevimba kidogo, ukigusa pana joto. Sukari ya asubuhi ilikuwa 13, ikawa 15, juzi 17. Nimemkataza kutembea. Anatii kweli, hatembei, anapanda baiskeli.

Sasa nyumbani tumegawanyika. Kaka yangu ametoka Sikonge na dumu la lita tano la asali ya porini, anasema tukimimina mle shimoni wiki mbili litafunga. Shangazi anasema hilo ni donda ndugu, tena la kutegewa, kaka yake kakanyaga kitu. Mimi nimo kwenye kundi la WhatsApp ambako mtu anauza dawa ya kuamsha seli za ngozi, anasema wenye sukari seli zao zimelala ndiyo maana hawaponi. Dozi ni shilingi 180,000 na nimeshatenga nusu. Mzee mwenyewe haelewani na yeyote. Anasema haendi hospitali kubwa kwa sababu ukiwapelekea mguu wanakurudisha bila mguu, na ukianza sindano za sukari ndiyo umeaga.

Nisaidie mama. Seli zimelala kweli? Asali niweke? Na huyu mzee nimpelekeje?

Binti wa Fundi Reli, Tabora

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikafika kwenye neno Jumapili, nikaweka miwani chini. Harufu, uvimbe, joto, na sukari iliyotoka 13 mpaka 17: kidonda hicho kimeingiliwa na vijidudu, na vijidudu ndivyo vinavyoisukuma sukari juu. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, omba ruhusa kwa mwalimu mkuu umpeleke mzee Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Usianzie tena zahanati. Na kama usiku huu atatetemeka kwa baridi, atatapika, ataanza kuchanganya maneno, au ukiona kidole kimegeuka cheusi na wekundu unapanda kuelekea kifundoni, usingoje kukuche. Wala usijifariji kwamba mbona hana homa. Mtu aliyeishi na sukari miaka mingi anaweza kuwa na usaha uliofika mfupani asipate homa, na kama ulivyoona, asisikie hata maumivu.

Ukifika usiseme tu "ana kidonda". Sema kina miezi minne na kina shimo. Hilo litawafanya wapime kama shimo limegusa mfupa, wapige eksirei, watafute mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Mfupa ukiwa umeingiliwa, dawa ni ya wiki nyingi na si siku saba. Mapigo yasipopatikana, basi shida ni mishipa ya damu iliyoziba, na hapo hakuna bandeji itakayofaa mpaka njia ya damu ipatikane. Wewe ni mtumishi, una bima. Kama mzee yumo kwenye wategemezi wako, beba kadi yake. Kama hayumo, kwa umri wake ulizia dirisha la wazee.

Haya, safari umeipanga. Sasa tuje kwenye hizo seli.

Baba yako ataelewa haya kuliko wewe, maana ameifanya kazi yenyewe. Mwulize mvua ikisomba tuta la reli kule kati ya Kilosa na Gulwe, inakuwaje. Gengi la kwanza huja kuondoa tope na magogo. Gengi la pili hushindilia tuta upya, humwaga kokoto, hupanga mataruma. Reli hulazwa mwisho, ndipo treni ivuke. Ukimtuma mtu alaze reli juu ya tope atakushangaa.

Ngozi iliyokatika hufanya hivyohivyo. Damu ikishaganda, chembe nyeupe huingia kuua vijidudu na kuondoa uchafu. Hilo ndilo gengi la kwanza, na ndilo linalofanya jeraha livimbe kidogo na kuwa jekundu siku za mwanzo. Zikifuata seli zinazoitwa faibroblasti, hufuma nyuzi za kolajeni, na mishipa midogo ya damu huchipua katikati yake. Ile nyama nyekundu yenye vijipunje unayoiona kwenye kidonda kizuri ndiyo tuta jipya. Juu yake ndipo zinapopita keratinosaiti, seli za ngozi ya juu. Siku za kawaida hizi huzaliwa chini ya tabaka la juu, zikapanda taratibu kwa muda wa kama mwezi mmoja, zikafa na kupukutika kama gamba. Ngozi ikikatika, zile za ukingoni huacha kazi hiyo. Huachana na jirani zake, hujilaza bapa, hutambaa juu ya tuta mpaka zikutane na zile zinazotoka upande wa pili.

Kwa mwenye sukari iliyozidi kwa miaka, gengi la kwanza haliondoki. Kuna chembe ziitwazo makrofeji ambazo kazi yake ni kubomoa kwanza kisha kugeuka na kusaidia ujenzi. Kwake zinachelewa kugeuka. Zinaendelea kumwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha kolajeni, yaani wanachimbua leo tuta lililoshindiliwa jana. Faibroblasti nazo ni nzito, hazisogei upesi, hazifumi vizuri. Mishipa midogo haichipui ya kutosha, kwa hiyo oksijeni ni haba. Chembe nyeupe zenyewe, sukari ikiwa 15 au 17, ni goigoi katika kukamata vijidudu.

Na keratinosaiti? Hapa ndipo yule mfanyabiashara wa kwenye simu alipokudanganya, kwa sababu hazijalala hata kidogo. Pembeni ya donda la muda mrefu zinazaliwa kwa wingi kupita kawaida, ila hazitambai. Zinarundikana ukingoni kama mabehewa yaliyokwama stesheni. Ule mviringo mnene, mweupe, mgumu uliouona kwenye unyayo wa baba yako, sehemu yake ni sugu ya kukandamizwa na sehemu yake ni hizo seli zilizozaliwa zikakosa njia. Ndiyo maana muuguzi anayejua vidonda atachukua kisu na kuuondoa ule ukingo mpaka afike kwenye nyama yenye uhai. Mzee akiona kisu atadhani ndiyo anakatwa mguu. Mwambie mapema kwamba ni kuondoa tope. Lakini usije ukajaribu wewe nyumbani kwa wembe, nakuomba.

Sukari yenyewe inayafanyaje haya yote? Ikizidi kwenye damu hunata kwenye protini za mwili. Hunata kwenye kolajeni, ikakakamaa. Hunata kwenye hemoglobini pia, ile protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu, na hicho ndicho kinachosomwa na kipimo cha HbA1c. Kwa kuwa chembe nyekundu huishi kama siku 120, kipimo hicho kinasimulia miezi miwili mitatu iliyopita. Wazee wengi humeza vidonge kwa bidii wiki ya kliniki ili wasigombezwe, kisha karatasi inawaumbua. Baba yako ni wa kundi hilo, nimeshamjua.

Sasa kile kizibo. Hakukisikia kwa sababu sukari imekwisha kuharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, na mishipa hiyo ina kazi nyingi kuliko maumivu. Ipo inayoamuru jasho: ikifa, ngozi ya mguu inakauka na kupasuka kisigino. Ipo inayoshika misuli midogo ya unyayo: ikilegea, vidole vinajikunja kama makucha na uzito wote unashuka kwenye ule uvimbe wa mfupa nyuma ya kidole gumba. Yaani mahali kidonda kilipotokea hapakuwa bahati mbaya. Hata bila kizibo pangeweza kutoboka siku moja.

Wazee wa Tabora wanaikumbuka Sikonge na wagonjwa wake wa ukoma. Watu walidhani ukoma unaozesha vidole vyenyewe kwa vyenyewe. Mpasuaji mmoja Mwingereza, Paul Brand, aliyezaliwa India mwaka 1914 na kufanya kazi Vellore hukohuko India, ndiye aliyeonyesha kwamba vidole vinaisha kwa sababu mgonjwa hasikii maumivu: anashika sufuria ya moto, anatembelea msumari, kesho anatembelea tena palepale. Alizifunga nyayo zenye vidonda kwenye plasta ngumu, vikapona. Baadaye alifanya kazi Carville, Louisiana, Marekani, na wakatambua kwamba mguu wa mwenye sukari unakufa kwa njia ileile.

Kwa hiyo tiba kubwa ya kidonda cha unyayoni ni kukiondolea uzito. Hapa sitanii na sitaki unipite haraka. Unaweza kuwa na dawa nzuri, bandeji nzuri, sukari imeshuka, na bado kila hatua anayokanyaga inasaga seli changa zilizozaliwa usiku. Mtu mwenye mguu mzima akipata kidonda kama hicho huchechemea bila kufundishwa, maumivu yanampangia pa kukanyaga. Baba yako hana mwalimu huyo. Na ile baiskeli uliyoniandikia kama kichekesho, hebu keti uitazame pedali: inakandamiza palepale, nyuma ya kidole gumba, mara elfu kwa safari moja ya kwenda Uyui na kurudi. Ifungie chumbani kwako na ufunguo ukae nao wewe.

Nilipokuwa chumba cha vidonda alikuja mvuvi mmoja wa Ujiji, donda la unyayo miezi tisa. Alikuwa amepakwa kila kitu, mpaka mafuta ya breki. Hatukuwa na dawa ya ajabu. Tulimsafisha, tukahakikisha damu inafika na mfupa ni mzima, tukamfunga plasta ngumu mpaka chini ya goti, ile watu wanayoiita hogo, ambayo inasambaza uzito mguu mzima badala ya kuuacha pointi moja. Tuliifungua kila wiki kutazama, tukaifunga upya. Wiki ya saba ngozi ilikuwa imefunga. Alilia, na sisi tukalia. Akarudi kwenye mtumbwi wake na ndala zilezile, baada ya miezi mitatu tulikuwa naye tena. Hiyo si ajabu: kati ya watu kumi wanaopona kidonda cha namna hii, wanne hupata kingine ndani ya mwaka mmoja. Kovu lenyewe halirudii nguvu ya ngozi ya zamani, linaishia kama asilimia 80.

Uliza kama plasta ya namna hiyo inawezekana kwa baba yako. Haifungwi kwenye mguu wenye maambukizi makali au usiofikiwa na damu, kwa hiyo watamtibu hayo kwanza. Ikishindikana, kuna viatu maalumu na pedi nene za kuzungushia kidonda ili kisiguse chini, na kuna magongo. Chooni ndiko atakakokudanganya, maana wote husema "ni hapo tu". Mwekee ndoo au kiti chumbani, aibu itapita.

Asali ya kaka yako. Sitamdharau, asali ni dawa ya zamani na ina sababu zake: ina sukari kama asilimia 80, inafyonza maji ya vijidudu, ina uchachu, na inazalisha haidrojeni paroksaidi kidogokidogo. Kwa majeraha ya moto yasiyo na kina kirefu imeonyesha kusaidia. Lakini ile inayotumika hospitali huko nje imepitishwa kwenye mionzi kuua mbegu za vijidudu. Ya dumu ina mbegu hizo, ina vipande vya nta, ina miguu ya nyuki, na nyumbani kila mtu ameshachovya kijiko. Na kwa mguu wa sukari hasa, miongozo ya kimataifa ya wataalamu wa miguu haiipendekezi, ushahidi haujatosha. Mbaya kuliko yote ni kwamba itakupa wiki mbili za matumaini, na wewe huna wiki mbili. Shimo ukilijaza asali huoni tena kinachoendelea chini yake. Wala mzee asiilambe akidhani ya porini haina madhara.

Povu la paroksaidi na spiriti acha leo hii. Vinaua vijidudu, kweli, na vinaua pia faibroblasti na keratinosaiti zilizokuwa zinajikongoja kutambaa. Umekuwa ukifukuza gengi kila asubuhi, mwanangu, kwa mapenzi tu. Unga wa rangi mbili nao unatengeneza gamba juu, chini usaha unafugika, na vijidudu vinazoea dawa. Mpaka atakapoonwa, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa. Kausha pembeni, funika kwa shashi safi, funga bandeji bila kukaza. Mguu usilowekwe. Akishaonwa, fuata bandeji watakayoelekeza wao. Watu husema kidonda kipigwe upepo kikauke. Keratinosaiti hutambaa penye unyevunyevu, juu ya gamba kavu haziwezi.

Kuhusu shangazi usimbishie sana. Mwambie amepatia: kaka yake alikanyaga kitu, na kile kitu unacho, kiweke mezani akione. Kisha mpe kazi. Shangazi wa namna hiyo ndiye anayefaa kukaa na mgonjwa mchana ukiwa darasani, na nina hakika baiskeli haitatoka mbele yake.

Lile la kukatwa mguu ni zito zaidi, kwa sababu mzee ameona. Wote tumeona mtu aliyeingia hospitali na mguu akatoka bila mguu. Ila mwulize walioingia waliingia lini. Wengi walikaa nyumbani mpaka kidole kikawa cheusi na sumu ikapanda, wakaletwa wamebebwa. Miguu mingi inayokatwa kwa ajili ya sukari, zaidi ya asilimia 80, ilianza na kidonda kama hicho alichonacho, na kidonda kina kipindi chake cha kuokolewa. Wakati mwingine huondolewa kidole kimoja ili mguu ubaki. Usimwahidi kwamba hawatagusa kitu, maana ukimdanganya hatakwenda tena. Mwambie hivi: Baba, leo unakwenda na miguu miwili na unatembea mwenyewe, nataka daktari akuone ukiwa hivyo.

Sindano za sukari pia. Katika maambukizi wanaweza kumwanzishia insulini kwa sababu vidonge peke yake vinazidiwa, na sukari ikishuka chembe nyeupe zinarudi kazini. Mara nyingi kidonda kikipona na sukari ikitulia, daktari huangalia upya. Wanaosema insulini ndiyo kuaga waliona watu walioanzishiwa wakiwa wameshachelewa. Na kama ataanzishiwa, ale kwa saa, usimwache na njaa akisubiri utoke shule. Kuhusu kula sitakuchosha leo, ila matobolwa anayotafuna barazani kutwa na kikombe cha chai ni viazi vitamu vilivyokaushwa, sukari yake haikukauka na maji. Mpimie. Maharage, mayai, dagaa wa Kigoma vipo. Mwili haufumi kolajeni bila protini. Hukuniambia kama anavuta. Kwenu ni mkoa wa tumbaku, nauliza tu, kwa sababu sigara inabana mishipa ileile midogo tunayoihangaikia.

Jambo moja utakaloniletea. Chukua kipande cha nailoni angavu, kioshe, kiweke juu ya kidonda siku ya kubadilisha bandeji bila kukandamiza, chora ukingo wake kwa kalamu ya wino mzito. Weka mchoro huo juu ya karatasi ya hesabu yenye vijumba, hesabu vijumba, andika tarehe. Wewe mwalimu, hiyo ni kazi yako ya kila siku. Fanya hivyo kila wiki. Baada ya wiki nne vijumba vikiwa vimepungua kwa nusu hivi, mko njiani. Visipopungua kiasi hicho, usikubali kuambiwa endeleeni nyumbani. Rudi na karatasi zako, omba watafute upya: damu, mfupa, uzito, sukari, kipo kimoja kati ya hivyo.

Mguu wa kulia usiusahau. Uangalie kila jioni, chini na katikati ya vidole, na kabla hajavaa kiatu chochote ingiza mkono ndani kama ulivyofanya siku ile. Mafuta ya mgando apake kisigino na juu, asipake katikati ya vidole. Maji ya kuoga pima wewe kwa kiwiko, yeye mguu wake hauwezi kukwambia kwamba yanaunguza. Na usiku avae soksi safi, alale kwenye chandarua kilichochomekwa vizuri, ghala la karanga lisiwe chumbani kwake. Unaona kama naongeza chumvi? Madaktari wa Dar es Salaam wameandika kuhusu wagonjwa wa sukari walioamka asubuhi wakakuta panya wametafuna vidole vyao usiku, na wao hawakugutuka.

Ile 90,000 uliyokwisha kutenga kwa ajili ya dawa ya kuamsha seli, ifanye ya bodaboda ya kwenda na kurudi kliniki, maana sasa utakwenda mara nyingi. Ukipata bajaji ni bora zaidi, mguu ukae umenyooka. Na lile dumu mwambie kaka yako alipeleke sokoni mwenyewe kabla hajarudi Sikonge. Asali ya porini haikosi mnunuzi Tabora, na lita tano zitasaidia sana kununua magongo. Achague yenye mipira chini ambayo haijalika, na ampime mzee urefu akiwa amesimama.